Mwanangu yuko kituo gani?

*Mtopanga, anayemtafuta jamaa aliyeshikwa huzunguka na boda kutoka dawati hadi dawati, ilhali sheria ilishasema jina lake liandikwe na jamaa zake walione*

Simu huingia jioni, aghalabu Ijumaa. Anayepiga ni jirani au rafiki wa kijana, naye huongea upesi upesi: "Mama, wamemshika. Wamempakia kwa landrova na wenzake pale maskani." Ukimuuliza ni askari wa kituo gani, hajui. Nambari ya gari hakuiwahi. Walivaa sare? Wengine ndiyo, wengine la.

Kwa mkazi wa Mtopanga, huku Kisauni, Mombasa, hapo ndipo mzunguko unapoanza. Wa kwanza kupigiwa huwa mzee wa mtaa, maana yeye hukosi kumkuta na nambari ya OCS, mkuu wa kituo, kwenye simu yake. Asipopatikana, ni boda mpaka Kiembeni. Hayuko? Bamburi. Hayuko? Kisauni, Nyali, na usiku ukishakomaa kuna wanaovuka daraja kwenda kuuliza Makupa na Central, upande wa kisiwani.

Wako wanaopata jawabu kituo cha kwanza, tena kwa heshima, wakaambiwa na kosa lenyewe. Wako pia wanaoambiwa "hapa hayupo, mama, jaribu kwingine" mpaka Jumatatu asubuhi, wakaenda kusimama nje ya Mahakama ya Shanzu kutazama nani anateremshwa kwenye lori. Wasipomwona hapo, milango iliyobaki ya kubisha ni miwili: gereza la Shimo la Tewa, na mochari ya Hospitali Kuu ya Pwani.

Swali ambalo mama huyo anauliza halihitaji upelelezi. Hajauliza ushahidi gani upo wala nani alimtaja mwanawe. Ameuliza kijana yuko kituo gani. Na jibu lake, kwa mujibu wa sheria za Kenya, linatakiwa liwe limeandikwa kitabuni.

Kitabu cha mezani

Kitabu chenyewe kila Mkenya anakijua kwa herufi mbili: OB. Ni daftari kubwa la jalada gumu, limelazwa juu ya dawati la ripoti, kalamu pembeni. Aliyepoteza kitambulisho huandikwa humo. Aliyepigwa na mumewe, aliyeibiwa kuku, askari anayetoka kwenda doria na anayerudi, wote humo.

Kila tukio hupewa nambari, na hesabu huanza upya kila siku. Ndiyo maana nambari ya OB husomeka kwa mkwaju: tukio la ngapi, tarehe, mwezi, mwaka. Tukio la 23 haliwezi kuandikwa kabla ya la 22, na saa huandikwa kando. Kwa mtu anayetaka kughushi, mpangilio huo ni kero kubwa. Ukitaka leo kumwingiza kwenye ukurasa wa juzi mtu uliyemshika juzi, huna pa kumpachika.

Lakini OB inaanzia dawatini. Haijui chochote cha kilichotokea kati ya maskani na kituo. Gari likizunguka na vijana saa tatu, likasimama mahali "wazungumze", kitabu hakisemi. Na aliyeachiliwa njiani baada ya kutoa chochote hakuwahi kushikwa, kwa hesabu ya serikali.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inamtaka mkuu wa kila kituo aweke OB na kuandika humo majina ya wote walioshikwa na makosa wanayodaiwa kufanya. Jedwali la tano la sheria hiyo linakwenda mbali zaidi: kuwe na rejista ya walio kizuizini, yenye sababu ya kukamatwa, saa, jina la askari aliyewakamata, na wakihamishwa, walihamishwa lini na kwenda wapi. Rejista hiyo iweze kufikiwa na wanaohusika nayo, wakiwamo jamaa na marafiki.

*Rejista ya walio kizuizini, sheria inasema, ni ya kuonekana na jamaa na marafiki. Haikuwekwa kwa ajili ya afande peke yake.*

Katiba ya 2010 nayo, katika Ibara ya 49, inampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu upesi na kwa lugha anayoielewa, ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili na mtu mwingine yeyote ambaye msaada wake unahitajika, na ya kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kuisha. Saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi au siku ambayo korti haiketi, husubiriwa siku ya korti inayofuata.

Kifungu hicho cha mwisho ndicho kilichozaa "kamata kamata ya Ijumaa". Ukishikwa Ijumaa jioni, Jumatatu iko mbali, na katiba haijavunjwa hata nukta. Siku hizo mbili na ushei ndizo ambazo familia hukosa usingizi, na ndizo ambazo dhamana ya polisi, ambayo kisheria haiuzwi, hugeuka kuwa na bei. Fedha zikitolewa kama dhamana taslimu ni za kurudishwa kesi ikiisha, na hutolewa risiti. Isiyo na risiti ina jina jingine.

Jina lisiloandikwa

Pwani hii inajua gharama ya jina kukosekana kitabuni. Tarehe 2 Februari 2014 polisi waliuvamia msikiti wa Musa, Majengo, na kuwatia mbaroni watu zaidi ya 100. Kijana mmoja alipigwa picha akiwa mikononi mwa askari. Baadaye wenzake walipofikishwa kortini, yeye hakuwamo. Polisi walisema alitoroka njiani. Familia ilikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa kuomba aletwe, akiwa hai au maiti. Picha ilikuwepo, mashahidi walikuwepo. Kijana hajaonekana hadi leo.

Desemba 2016 shirika la Haki Africa lilitoa ripoti ya visa 81 vya mauaji na kutoweka kwa watu Pwani tangu 2012, vikihusishwa na vikosi vya usalama. Waliokaa Kisauni miaka ile hawahitaji kuelezwa. Hapa kila mtaa una nyumba ambayo mama yake bado anauliza.

Bara nako mambo hayakuwa tofauti. Juni 23, 2016, wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitoka katika korti ya Mavoko wakatekwa. Walizuiliwa katika kambi ya polisi wa utawala ya Syokimau. Ushahidi wa kwamba walikuwa pale haukutoka kwenye rejista yoyote. Kilichosaidia ni kikaratasi cha kuomba msaada kilichorushwa nje. Maiti zao zilipatikana mtoni, Ol Donyo Sabuk. Afisa Fredrick Leliman na wenzake walipatikana na hatia Julai 2022, miaka sita baadaye.

Tukija karibu zaidi, Albert Ojwang, mwalimu aliyekuwa akifundisha Taita Taveta, alikamatwa Homa Bay Juni 7, 2025, akasafirishwa hadi Kituo Kikuu cha Polisi Nairobi na kufa usiku huo wa kuamkia tarehe 8. Polisi walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ambayo mtu hajitii mwenyewe. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ikaeleza kwamba kamera za kituo zilikuwa zimechezewa. Hapa jina lilijulikana, kituo kilijulikana, babake alijulishwa. Rekodi peke yake haimwokoi mtu. Ila bila hata hiyo rekodi, kesi ya mauaji ingeanzia wapi?

Baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilihesabu hadi Desemba mwaka huo visa 82 vya watu kutekwa, 29 wakiwa bado hawajulikani walipo. Katika visa vya namna hiyo, kila kituo kinachoulizwa kinaweza kujibu "hayupo", na askari wa dawati akawa anasema kweli. Aliyechukuliwa na watu wasiovaa sare, katika gari la nambari za bandia, hakupitishwa dawatini.

Wenye makovu nao wanauliza

Itakuwa makosa kuiandika habari hii kana kwamba Mtopanga ina upande mmoja. Magenge ya vijana wa panga yameitesa Kisauni kwa miaka mingi. Kuna watu hapa waliokatwa mikono wakitoka kuswali alfajiri, kuna maduka ambayo sasa hufungwa mapema. Msako ukifanywa, wako wanaosema alhamdulillahi kabla hata ya kujua nani amebebwa.

Lalama yao ni nyingine: mshukiwa ameshikwa jana, leo yuko maskani anacheka. Alitolewa na nani? Kwa dhamana ya korti au ya kituo? Kesi ipo au ilifia njiani? Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inampa aliyedhurika haki ya kuarifiwa kesi inavyokwenda, lakini aliyekatwa panga ambaye hajui hata nambari ya OB ya kesi yake ataanzia wapi kuuliza?

Kwa hiyo mama wa aliyeshikwa na mama wa aliyejeruhiwa, ambao barabarani hawasalimiani, wanataka kuona ukurasa mmoja wa kitabu kimoja. Mmoja anataka kujua kama mwanawe ameingia, mwingine anataka kujua kama ametoka.

*Mama wa aliyeshikwa na mama wa aliyekatwa panga wanataka kuona ukurasa mmoja wa kitabu kimoja.*

Maafisa wa polisi wana hoja zao, na si zote za kupuuzwa. Jina la mshukiwa likitoka mapema, wenzake hutoroka. Akitajwa kuwa ndiye mwenye panga, nyumba ya wazazi wake huenda ikachomwa kabla ya hakimu kuisikia kesi. Wengi wa vijana hawa ni watoto kisheria, na Sheria ya Watoto ya 2022, ile iliyopandisha umri wa kuwajibikia jinai hadi miaka 12, hairuhusu jina la mtoto kuanikwa. Na askari aliye peke yake dawatini usiku, mbele yake watu wanagombania shamba na mlevi anaimba, ana mikono miwili tu.

Hoja hizo zinatosha kuzuia majina yasibandikwe mtandaoni. Hazitoshi kumnyima mzazi jibu.

Marekani: picha kabla ya kesi

Wapo wanaotamani tuige Marekani. Katika mji kama Tampa, Florida, wenye watu wapatao laki nne, huhitaji boda. Unafungua tovuti ya sherifu wa Kaunti ya Hillsborough, unaandika jina, na unaletewa aliyekamatwa, saa aliyoingizwa, kosa analodaiwa na kiasi cha dhamana. Sheria ya jimbo hilo inachukulia kwamba karatasi ya serikali ni mali ya umma mpaka pawe na sababu ya kuificha. Mama wa Tampa anajua mwanawe yuko wapi akiwa ameketi jikoni kwake.

Ila bei ya uwazi huo ililipwa na watu wengine. Zilizuka tovuti zilizokusanya picha za watu siku ya kukamatwa, nyuso zimevimba, nywele timutimu, kisha zikawatoza fedha ili ziziondoe. Aliyeachiliwa bila mashtaka alibaki na picha ile kila alipotafuta kazi. Mwaka 2018 jimbo la California liliwafungulia mashtaka wanaodaiwa kuendesha tovuti moja ya namna hiyo. Mwaka 2020 polisi wa San Francisco wakaacha kutoa picha za wanaokamatwa isipokuwa pakiwa na hatari kwa umma, na magazeti kadhaa ya nchi hiyo yakaondoa kurasa zao za picha.

Sisi tumekwama upande wa pili kabisa, na nadhani tumekwama vibaya zaidi, kwa sababu kosa letu linaweza kumgharimu mtu uhai wake, lao jina lake. Lakini sioni haja ya kuchagua kati ya hayo mawili. Jamaa kuambiwa si sawa na dunia nzima kuambiwa.

Huikuti unapoitaka, inakuganda usipoitaka

Kuna kichekesho katika mfumo wetu. Usiku wa kukamatwa, rekodi haipatikani. Miaka mitatu baadaye, kijana akipata kazi ya ulinzi Qatar au udereva Saudia, rekodi hiyo hiyo inaamka.

Wakala wa ajira humtaka cheti cha polisi cha tabia njema. Anaomba kupitia eCitizen, analipa Sh1,050, anakwenda Huduma Centre mjini kutiwa alama za vidole, halafu anasubiri idara ya upelelezi wa jinai, DCI, iseme. Alishikwa katika msako akafikishwa kortini, kesi ikakwama na faili haikufungwa? Cheti kinaweza kumsubirisha huku nafasi ya kazi ikienda kwa mwingine. Mwenyewe alishasahau, kompyuta haikusahau.

Hapa ndipo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ingefaa kutumiwa zaidi. Inampa mtu haki ya kujua data gani inashikiliwa juu yake na kutaka isahihishwe ikiwa ya uongo au iliyopitwa na wakati. Wachache Mtopanga wamewahi kuidai haki hiyo. Anayetarajia kusafiri afadhali apite korti ya Shanzu, mapema, aulize hali ya faili lake na aombe nakala ya uamuzi. Korti ni ya wazi, na karani ana daftari la kesi.

Ubao nje ya kituo

Kwa miaka kadhaa sasa serikali imekuwa ikiahidi OB ya dijitali, kwamba tukio likiandikwa kituo kimoja lionekane makao makuu na kwingineko. Wazo ni zuri, na likitimia sawasawa, mama wa Mtopanga atauliza Kiembeni na kujibiwa kuhusu Nyali. Lakini hakuna haja ya kungoja kompyuta. Kinachohitajika leo ni ubao na chaki: orodha ya walio ndani, iliyohuishwa kila zamu inapobadilishwa, yenye jina, saa ya kuingia na nambari ya OB. Kosa si lazima litajwe. Watoto waandikwe kwa idadi tu, na wazazi wao wapigiwe simu. Vituo vingi tayari vina ubao ndani wenye idadi ya mahabusu. Kuusogeza mbele ya dawati ni kazi ya misumari minne.

Mpaka hilo lifanyike, sheria ina mlango ambao wengi hawajaubisha. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba habari kwa afisi yoyote ya umma, kwa maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili. Asiyejua kuandika, afisa ndiye mwenye wajibu wa kumwandikia. Kwa kawaida jibu hutakiwa ndani ya siku 21, lakini jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Kumwomba OCS kwa barua aseme kama fulani yuko seli kwake ni jambo la uhuru wa mtu bila ubishi. Akikataa au akinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki za Utawala, maarufu kama Afisi ya Ombudsman.

Ukipigiwa simu hiyo ya jioni, basi, andika saa na mahali aliposhikwa, na rangi na nambari ya gari ikiwezekana. Kituoni uliza jina la askari wa dawati na uombe aandike katika OB kwamba ulifika kumuulizia jamaa yako. Ni ripoti kama ripoti nyingine, haina malipo, na nambari yake ni yako. Ukiambiwa hayupo, hilo nalo liandikwe. IPOA na KNCHR zote zina afisi Mombasa, na mashirika kama MUHURI na Haki Africa yamezoea simu za usiku.

Saa 24 zikipita bila habari, wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kumleta mtu mbele ya jaji, ile ya *habeas corpus*. Ibara ya 25 ya katiba imeiweka amri hiyo miongoni mwa haki nne ambazo hakuna sheria, hali ya hatari wala afande anayeweza kuzipunguza. Usingoje Jumatatu kuitafuta.